Koko yangu anatoka kama mudoli wa plastiki: shida iko ku rangi, ku mng'ao ao ku mwanga?

#1 Muchoraji_Ndosho (Goma)
Salamu bakubwa. Niko na swali linaninyima usingizi. Miezi mbili sasa natengeneza koko yangu mu Blender (programu ya kuunda vitu vya 3D ku kompyuta), mwili mzima, ju familia ilibakia na picha yake mbili tu, moja ya karte (kitambulisho) ya zamani na ingine amekaa mbele ya nyumba na watoto. Umbo lenyewe linafanana, mama aliliona likiwa bado kijivu bila rangi, akanyamaza, kisha akasema "ni yeye". Nilifurahi siwezi eleza. Sasa nikaanza kupaka ngozi na pale pale koko akapotea. Anatoka mudoli. Kahawia ni nzuri, matundu ya ngozi nimechora, mikunjo nimechora, lakini ukiangalia ni kama kiti cha plastiki. Nimefuata video zaidi ya kumi na kila moja inaanza na sura ya mzungu: tia njano ku paji la uso, nyekundu ku mashavu na pua, bluu kidogo ku kidevu. Nikimfanyia koko vile anakuwa kama mutu amepigwa. Mi nasema hivi, yale mafunzo hayafai kwa ngozi yetu na ndiyo maana tunashindwa. Nani alishapita hapa?

#2 Katuba_Renda (Lubumbashi)
Bwana, miye nilipitakamo mu ile njia. Shida haiko ku rangi, iko ku mng'ao. Ngozi ya kila mutu, mweusi ao mzungu, ukiiangalia mbele kwa mbele inarudisha mwanga kama asilimia 3 pa juu yake, ile haibadilike. Lakini kwa mzungu mwanga mwingine mingi unatoka chini ya ngozi, unafunika ile 3. Kwetu chini kunatoka kidogo, basi ile 3 njo inachora sura yote. Mufupa wa shavu, mugongo wa pua, juu ya mudomo, jicho inabiona kupitia mng'ao. Weye najua ulitia namba moja paka moja ya mng'ao kwa mwili muzima. Chora ramani ya mng'ao (ile picha inaambia kompyuta wapi ing'ae, wapi ikauke) peke yake, chukua siku mbili juu yake, kuliko ile ya rangi. Pua na paji la uso bing'ae, shavu pembeni ikauke kidogo, shingo ikauke zaidi, miguu ya muzee ikauke kabisa. Na pale pa kung'aa usipake kahawia mweupe ku ramani ya rangi, mng'ao wa ngozi unachukua rangi ya taa ao ya mbingu.

#3 YayaKadutu (Bukavu)
Mimi si mutu wa kompyuta, mdogo wangu ndiye alinionyesha huu uzi, lakini ngozi za watu nazijua kwa vidole. Napamba maharusi Bukavu miaka mingi. Ndugu wa Ndosho, hakuna mutu mwenye rangi moja. Hakuna. Bibi harusi akikaa kwenye kiti changu nafungua fondoteni (krimu ya rangi ya uso) tatu, mara nne. Paji la uso limekolea kuliko mashavu. Kando ya midomo kumekolea. Kope za macho zina rangi yake, ya udongo hivi inayoelekea zambarau. Mbele ya sikio kuna kipande cheusi wengi hawajui wanacho. Shingo ya nyuma, usiseme. Halafu midomo: wa juu mweusi, wa chini katikati unafunguka kuwa kama waridi iliyokauka na ukingo wake unabaki mweusi. Ukimpaka koko kahawia moja umemuondolea sura. Hakuna mng'ao utakaomrudisha.

#4 Salim_Tanga
Wakuu heshima kwenu, napita tu. Koko ni nani?

#5 Katuba_Renda
Nkambo.

#6 Salim_Tanga
Hapo ndo umenipoteza kabisa mkuu

#7 YayaKadutu
Mama ya mama, ao mama ya baba.

#8 Salim_Tanga
Aaah bibi! Si useme bibi yako tu

#9 Muchoraji_Ndosho
Kaka Salim hapa ukisema "bibi yangu" watu wanaelewa mke wangu, nitaleta vita nyumbani 😄 Turudi. Katuba, ni kweli niliweka 0.5 kwa mwili mzima. Yaya wa Kadutu aksanti, ile ya mbele ya sikio nimeenda kuangalia kwenye kioo saa hii na ninayo, miaka 27 sikuwahi kuiona.

#10 Mwalimu_UV (Bukavu)
Kabla ya kubishana mng'ao ao rangi, tuulize ngozi ilichorwa kwenye nafasi gani. Ndosho, ramani ngapi, za ukubwa gani?

#11 Muchoraji_Ndosho
Moja ya 4K kwa mwili wote. Ni pikseli milioni 4, nilidhani inatosha.

#12 Mwalimu_UV
Si milioni 4. Ni 4096 mara 4096, ni 16,777,216. Lakini hata hizo hazitoshi ukizigawa mwili mzima. Piga hesabu. Uso ukikunjuliwa toka sikio mpaka sikio tuseme ni sentimita 40 pamoja na pembeni. Ukiupa ramani nzima ya 4K unapata karibu pikseli 100 kwa sentimita, 10 kwa milimita. Tundu la ngozi ku pua ni sehemu ndogo ya milimita, linapata pikseli mbili tatu, linaonekana. Ukiuminya uso kwenye kona ya ramani ya mwili mzima, pikseli 600 upana, unabaki na pikseli moja na nusu kwa milimita. Lile tundu halina mahali pa kukaa. Unachora lakini kompyuta inalifuta, inabaki rangi laini, na rangi laini ndiyo plastiki unayoiona. Gawa mwili kwa vigae, ni kusema ramani mbalimbali, kila moja na namba yake: kichwa 1001, kiwiliwili 1002, mikono 1003, miguu 1004, vinaenda hivyo mpaka 1010, kisha mstari wa juu unaanza 1011. Wengine wanaanzaka 1000 halafu wanashangaa picha haionekani, hakuna kigae cha 1000.

#13 Peti_Virunga (Goma)
Mukubwa sisi wa laptopu ya giga 4 tufanye nini?? Nikifungua ramani mbili za 4K mashine inalia kama mbuzi. Na umeme wa mtaa wetu unakuja saa sita ya usiku unaenda saa kumi

#14 Mwalimu_UV
Peti, ramani moja ya 4K ikifunguka na njia nne (nyekundu, kijani, bluu na uwazi) za biti 8 inakula megabaiti 64 hata kama faili kwenye diski ni ndogo. Kwa hiyo usigawe sawasawa. Koko amevaa nini?

#15 Muchoraji_Ndosho
Kikwembe na blauzi ya mikono mifupi, kitambaa kichwani.

#16 Mwalimu_UV
Basi tumbo, mgongo na mapaja ni ramani ya 1K tu, hakuna atakayeviona. Uso 4K, mikono 4K, miguu kuanzia magotini 2K.

#17 MugangaWaHimbi (Goma)
Mimi ni infirmier (muuguzi), nimesoma toka juu. Wengi wanaamini mutu mweusi ana seli nyingi zaidi za kutengeneza rangi. Hapana, idadi inakaribiana kwa watu wote wa dunia. Tofauti iko kwenye vile vifuko vya melanini (ile rangi ya ngozi) ambavyo seli zinagawia majirani zake: kwetu ni vikubwa, vimetawanyika kimoja kimoja, havivunjiki haraka. Hii inamhusu mchoraji. Rangi yetu si rangi iliyopakwa juu kama ya ukuta, ni punje punje. Ukikuza picha ya shavu utaona madoa madogo madogo, meusi na ya dhahabu na mekundu yamelala pamoja. Kahawia ni kitu jicho linatengeneza likiwa mbali.
Ingine, mwanamke wa umri huo awe na vile vipele vidogo vyeusi vya mashavuni na karibu ya macho, haviumi, vinaongezeka na miaka, watu wengi wa ngozi nyeusi wanavyo. Video za wazungu hazitakuonyesha. Kwao wanapaka chunusi nyekundu, kwetu chunusi ikipona inaacha doa jeusi la miezi.

#18 Katuba_Renda
Muganga aksanti sana. Njo maana naona hata ile mwanga ya kupenya ngozi tunaitumia vibaya. Blender inakuya na namba zake tayari, nyekundu 1.0, kijani 0.2, bluu 0.1, ni kusema nyekundu inatembea mbali zaidi chini ya ngozi. Bantu (watu) beko banaacha vile. Miye kwa mutu mweusi ninapunguza ile umbali nusu, juu melanini inakula mwanga, haiwezi tembea mbali. Ukiacha kubwa, sura inakuwa sawa mushumaa.

#19 Mwalimu_UV
Hapo sikubaliani nawe ndugu yangu. Melanini inakaa pa juu, kwenye lile ganda la kwanza, na ku uso ganda hilo ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita ao chini yake. Chini kuna damu na nyama, na hizo ni sawa kwa wote. Mwanga unapita chujio mara mbili, ukiingia na ukitoka. Unatoka umepungua, lakini umbali uliotembea kule chini ni ule ule. Usipunguze umbali, kolesha rangi. Jensen na wenzake walipotoa hesabu yao mwaka 2001 walipima marumaru, maziwa, ngozi, kila kitu na umbali wake. Ukikata umbali nusu umebadilisha nyama ya mutu, si rangi yake.
Na tena Katuba, ukiandika "paka" mi sijui kama unaniambia nipake ao unasema "tu" 😄

#20 Katuba_Renda
Ku Lubumbashi byote biko sawa, utazoea 😂 Lakini miye nasema kintu nimeona na macho. Nilirenda (niliambia Blender itoe picha) mujomba wangu mara mbili, namba yako na namba yangu. Ya kwako pua ilikuwa sawa sabuni. Unieleze.

#21 Furaha_Foto (Goma)
Ngojeni. Mimi napiga picha, harusi na ubatizo, na siku moja nilimweka mtoto wa dada yangu mbele ya dirisha, jua la saa kumi na moja nyuma yake. Mtoto mweusi kama mama yake. Masikio yaliwaka mekundu, ile nyekundu ya kaa la moto linaloisha. Kwa hiyo Katuba, mwanga unapenya. Lakini pua yake haikuwaka, shavu halikuwaka. Pengine wote mnapima kitu kimoja mahali mbalimbali, sikio ni jembamba.
Mimi naona kosa liko kwingine kabisa, liko kwenye picha mnazochukulia rangi. Ndosho, kahawia ya koko ulitoa wapi?

#22 Muchoraji_Ndosho
Nilichukua picha ya mama kwa telefone, nje saa sita ya mchana, nikaweka ile pipeti (ya kuchukua rangi) ku paji la uso.

#23 Furaha_Foto
Nilijua. Kwanza, telefone nyingi zinalainisha ngozi bila kukuuliza, zinafuta matundu na zinaongeza weupe, kwa hiyo umechukua rangi ya mashine si ya mama. Pili, saa sita jua liko juu ya kichwa, paji la uso linang'aa, basi kwenye ile rangi mng'ao umeshaingia. Ukiipaka kwenye ramani ya rangi halafu Blender inaongeza mng'ao wake, unang'aa mara mbili. Mng'ao mara mbili na hauhami ukigeuza kichwa. Hiyo ndiyo plastiki yako, minaapa.
Piga kwenye kivuli, siku ya mawingu, Goma hazikosekani. Zima kila kitu cha urembo kwenye kamera. Na kama unataka kuondoa mng'ao kabisa, tafuta karatasi ya polarize. Si lazima ununue: nenda Birere kwa watengenezaji wa skrini, omba skrini ya LCD iliyokufa, ile karatasi ya mbele ya kijivu inabanduka. Kipande kimoja mbele ya taa, kingine mbele ya lensi, kigeuze robo ya mzunguko mpaka mng'ao uzimike. Mara ya kwanza nilifanya kwenye uso wa kaka yangu nilishtuka, ngozi ilibaki kama velveti, rangi zote alizosema Yaya wa Kadutu zikatoka wazi.
Hata filamu zenyewe hazikupimwa kwa ajili yetu. Maabara za picha zilikuwa na kadi za Kodak, waliziita Shirley, tangu miaka ya 1950, kwa muda mrefu picha ya mwanamke mzungu ndiyo ilikuwa kipimo cha rangi kwa wote. Picha ya karte ya koko wako ikitoka nyeusi tii bila macho, usidhani alikuwa hivyo.

#24 Salim_Tanga
Mkuu Furaha umenifungua macho, nilikuwa nabandua hizo karatasi natupa. Mimi huwa nachagua rangi kwa ile skeli ya Fitzpatrick, mtu mweusi namba VI, namaliza.

#25 MugangaWaHimbi
Salim, ile skeli haikutengenezwa kwa kuchagua rangi. Fitzpatrick aliianzisha 1975 kujua ngozi itaungua vipi ikipigwa na mionzi ya tiba, na mwanzoni ilihusu watu weupe, V na VI ziliongezwa baadaye. Ndiyo maana watu wa Goma nzima unawabana kwenye namba mbili. Kuna ya Monk, Google waliitoa 2022, ina ngazi 10, hiyo inasaidia kidogo. Lakini hata hiyo inakupa rangi moja kwa mutu mmoja, na Yaya alishasema.

#26 MamaNabintu (Bukavu)
Habari zenu watoto. Ninauza mafuta na sabuni sokoni. Munasahau kitu kimoja: huyo mama alijipaka nini asubuhi? Mwenye kupaka glisirini anang'aa kwa maji maji. Wa vazelini anang'aa mahali pamoja pamoja, vumbi linamshika. Mwenye kukosa mafuta siku mbili miguu inapauka, inaandika mistari myeupe kama ardhi iliyokauka. Mimi mutu akisimama mbele ya meza yangu najua anatumia nini kabla hajafungua mdomo.

#27 Katuba_Renda
Mama Nabintu umesema yote!! Njo ile ramani ya mng'ao niliyosema ku #2. Ku Lubumbashi mwezi wa saba, kipwa (kiangazi), miguu ya bantu bote inapauka, na vumbi nyekundu inaingia mu ile mistari.

#28 Muchoraji_Ndosho
Mama, koko alikuwa anapaka mafuta ya ngombe tu. Samli. Harufu yake ninaikumbuka mpaka leo.

#29 MamaNabintu
Basi alikuwa aking'aa polepole, si kwa kioo. Laini. Na nyuma ya masikio zaidi.

#30 Salim_Tanga
Kwetu kuna wa mkorogo. Nilimchora mmoja, uso nikaufanya mweupe nikasahau vidole. Dada zangu wakacheka, wakasema vifundo vya vidole havichubuki hivyo, vinabaki vyeusi, na masikio.

#31 Mwalimu_UV
Hilo linanigusa. Mwaka mmoja shirika fulani liliniomba sura ya mama na mtoto kwa bango la chanjo. Niliwachora kama watu wa Bagira ninaowaona kila siku. Faili likarudishwa mara tatu, "fungua rangi kidogo". Mara ya tatu mama alikuwa na rangi isiyo ya mutu yeyote, na vifundo nilikuwa nimeviacha, kwa hiyo akawa ndiyo huyo wa mkorogo wa Salim. Lilipigwa chapa vile. Nalipita kila mara kwenye lango la kituo na linaniuma.

#32 YayaKadutu
Pole Mwalimu. Maharusi pia wanakuja na picha ya mtu mwingine kwenye telefone wanasema nifanye hivi. Nakataa kwa upole, naanza na rangi yao.
Ndosho, umegusa mikono? Hakuna aliyeongelea mikono na ndiko koko alikaa.

#33 Muchoraji_Ndosho
Nimeanza leo na inanitesa. Kiganja nimefanya waridi, mgongo wa mkono kahawia, pale zinapokutana inaonekana kama glavu.

#34 YayaKadutu
Weka mkono wako mbele ya taa sasa hivi, geuza kidole cha shahada upande. Angalia. Kahawia haikatwi na wembe. Inashuka ubavuni mwa kidole, inaanza kuvunjika vipande kama pwani ya ziwa, vidoto, halafu inaisha. Kila kidole kina pwani yake. Kisha fungua kiganja: ile mistari mikubwa ndani si waridi, imekolea, kama imechorwa na kalamu ya mkaa. Kwa mwenye kulima imekolea zaidi. Vifundo vya mgongo wa mkono vina mikunjo, chini ya mkunjo ni nyeusi na juu ya nundu panang'aa. Ukimaliza hapo nenda kwenye kucha.

#35 MugangaWaHimbi
Kwenye kucha, kwa watu wengi weusi, hasa wakubwa, kuna mistari myembamba ya kahawia toka shinani mpaka nchani, vidole kadhaa. Ni kawaida. Mpe koko miwili mitatu. Ila mutu akiona mustari mmoja mpya kwake unaopanuka aende aonyeshe kwa daktari, hilo si la kuchora.

#36 Muchoraji_Ndosho
Niliuliza mama kuhusu mikono. Aliniambia kitu nilikuwa nimesahau: koko aliungua na mbabula (jiko la makaa) kwenye mkono wa kuume, karibu ya kifundo, kabla mimi sijazaliwa. Kovu lilikuwa kama jani. Napaka vipi kovu la moto kwenye ngozi nyeusi? Na kwenye bega ya kushoto alikuwa na duara imebonyea, blauzi inaonyesha nusu yake.

#37 MugangaWaHimbi
Hiyo ya bega, kwa umri wake, itakuwa chanjo ya ndui, ile waliacha kuchanja baada ya ugonjwa kutangazwa umekwisha duniani 1980. Vijana wana ya BCG (chanjo ya kifua kikuu), ndogo zaidi. Ya ndui ni bonde la duara lenye vishimo na mistari inayotoka katikati. Ya moto: katikati imefunguka, karibu waridi, inang'aa kwa sababu haina matundu wala mikunjo ya kawaida, na ukingo wake umekolea kuliko ngozi ya pembeni.

#38 Mwalimu_UV
Kwa hiyo kovu moja linaingia ramani tatu: rangi, mng'ao, na kina (mabonde na nundu). Ukilipaka kwenye rangi tu ni stika. Na tafadhali wote, ramani ya mng'ao na ya kina msiziache zisomwe kama sRGB (namna ya kusoma picha za rangi), ni namba si rangi. Nusu ya plastiki za dunia hii zinatoka hapo.

#39 Katuba_Renda
Juu ya kina, mi niko na kazi ya hivyo. Mama ya nkambo yangu alikuwa Muluba, eko na chale ku tumbo na mugongo, tunaita ntapo. Ku museo ya Lubumbashi unaziona ku sanamu za mbao. Mara ya kwanza nilizichora na brashi nyeusi, ilikuwa sawa tatuu. Chale hazikuwa za kuona peke yake, zilikuwa za kugusa. Nikafuta, nikazinyanyua moja moja mu modeli yenyewe, rangi nikaacha ile ile ya ngozi, kidogo tu ya kung'aa pa juu. Nkambo akatokea. Njo maana narudia, si rangi.

#40 YayaKadutu
Wewe na mng'ao wako 😄

#41 Peti_Virunga
Furaha nilienda Birere nikapata karatasi ya LCD bure. Inafanya kazi!! ila picha inakuwa na giza sana taa ya telefone haitoshi

#42 Furaha_Foto
Inapoteza mwanga mwingi Peti, weka telefone kwenye kitu isitikisike, fungua muda mrefu, na mutu asipumue. Taa mbili ni bora, kila moja na karatasi yake imeelekea upande mmoja.
Na Ndosho, umemrendia koko wapi? Nyuma yake kuna nini?

#43 Muchoraji_Ndosho
Taa moja, nyuma nyeusi.

#44 Furaha_Foto
Ah ndugu yangu. Ngozi yetu inakula chumba ilimo. Ukimweka gizani na taa moja itamulika nukta moja, na kilichobaki ni shimo. Mpe mbingu. Tovuti ya Poly Haven wana picha za mbingu za bure za kumulikia, chukua yenye mawingu, weka na ukuta mweupe upande mmoja. Mimi harusini kama sina kitu naomba shuka nyeupe, mutu wawili wanashika. Na angalia Blender yako ni ya namna gani, kuanzia 4.0 inatumia AgX kugeuza mwanga kuwa picha, ya zamani ilikuwa Filmic, rangi ile ile inatoka mbalimbali.

#45 Muchoraji_Ndosho
Bakubwa nimerudi, siku nne umeme ulikuwa wa kuiba iba. Nilifanya hivi: uso na mikono 4K kila moja, rangi kutoka picha ya mama kivulini, ramani ya mng'ao siku mbili kama Katuba alisema, kovu la mbabula ramani tatu, mbingu ya mawingu. Kwenye kupenya mwanga nilirenda ya Katuba na ya Mwalimu, ku masikio ya Mwalimu ni nzuri, ku pua ya Katuba ni nzuri, sijui nifanye nini.

#46 Mwalimu_UV
Pua ilikuwa sabuni kwa sababu ya ukubwa wa modeli. Umepima koko ana urefu gani ndani ya Blender? Kama ana mita 17 ao sentimita 17 namba zote ni za uongo.

#47 Muchoraji_Ndosho
Mita 1 na 58. Nilipima na kikwembe chake, mama bado anacho.

#48 Katuba_Renda
Eeh! Mwalimu, utafute ingine 😄 Mi nasema uchore ramani ya umbali nayo, masikio kubwa, pua ndogo.

#49 Mwalimu_UV
Hiyo si hesabu, ni kubembeleza picha.

#50 YayaKadutu
Acheni. Ndosho, mama aliona?

#51 Muchoraji_Ndosho
Aliona jana jioni. Alikaa mbele ya skrini muda mrefu. Mikono akasema ndiyo, akagusa kioo pale pa kovu. Miguu ndiyo. Halafu akasema, "midomo si yake". Nilikuwa nimefanya ule wa chini waridi katikati kama Yaya alifundisha. Mama anasema koko alivuta kiko tangu usichana, mdomo wa chini haukuwa na waridi tena.

#52 MugangaWaHimbi
Ni kweli, moshi na joto vinakoleza midomo, na ufizi pia. Kama anatabasamu, paka ufizi madoa ya kahawia.

#53 YayaKadutu
Lakini haikolei sawasawa. Kiko kinakaa upande mmoja. Pale kinapokaa mdomo ni mweusi na umekauka, una kama kidimbwi kidogo, na ule upande mwingine waridi inabaki kwa mbali. Alikishika upande gani?

#54 Muchoraji_Ndosho
Kwenye picha ya nyumba amekishika mkononi, hakiko mdomoni. Mama amelala. Nitamuuliza asubuhi.